Maji ya Kunywa Si Maji ya Kuvuta

Hivi karibuni mama mmoja alitujia akiwa na kichupa ndani ya mkoba wake. Alikuwa amekikuta jikoni, nyuma ya kopo la sukari. Kijana wake wa miaka 21 huvuta sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana huiita vepu. Kwa kuwa vichupa vya dukani ni ghali, alikuwa ameanza kujichanganyia kimiminika chake mwenyewe nyumbani. Aliyekiona kichupa kwanza ni binti mdogo wa miaka mitatu, kwa sababu kilinukia embe.

Mama alipomkemea, kijana alimjibu kwa upole: "Mama, usiwe na wasiwasi. Natumia maji ya kuchemsha, yale yale tunayokunywa sote." Basi mama akatuuliza: "Je, ni kweli? Kama maji ni safi, ubaya uko wapi? Na kama hayo hayafai, ni maji gani yanayofaa?"

Swali hili ni zuri, na tunaamini linahusu nyumba nyingi kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo tumeona tulijibu hapa.

KICHUPA KINA NINI NDANI

Sigara ya kielektroniki ya aina tunayoijua leo ilibuniwa huko China mwaka 2003 na mfamasia aitwaye Hon Lik. Haina kiberiti wala majivu. Betri hupasha moto waya mdogo, na waya huo hupasha kimiminika kilicholowesha pamba. Kimiminika hugeuka ukungu, na mvutaji huuvuta mpaka ndani ya mapafu.

Kwa kawaida kimiminika hicho kina vitu vinne: propilini glaikoli, glisarini, vionjo vya kutia harufu na ladha, na nikotini, ambayo ndiyo sumu ya tumbaku inayomfanya mtu ashindwe kuacha. Glisarini ni nzito, hutiririka polepole kama asali. Wanaochanganya nyumbani huongeza maji kidogo ili kuilainisha. Maji, basi, si kiungo cha lazima. Huongezwa kwa urahisi tu, na wengi huchota yaliyo karibu.

TUMBO NI TUMBO, MAPAFU NI MAPAFU

Kosa la kijana yule si uchafu. Alichemsha maji kama alivyofundishwa. Kosa lake ni kudhani kwamba kinachofaa kunywewa kinafaa pia kuvutwa.

Tumbo limeumbwa kupokea vitu vya kila namna. Lina asidi kali inayoua vijidudu vingi, na chakula kikishasagwa hupita kwenye ini, ambalo hupunguza sumu nyingi. Mapafu hayana ulinzi wa namna hiyo. Ndani yake mna mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa vyenye kuta nyembamba mno, ili hewa ipenye na kuingia katika damu. Kitu kigeni kikifika huko, kukitoa ni kazi ngumu.

Tutoe mifano mitatu ya mambo yaliyotokea kweli.

Mwaka 1976, katika hoteli moja ya mji wa Philadelphia, Marekani, wanajeshi wa zamani walifanya mkutano wao. Baada ya siku chache zaidi ya 180 kati yao walishikwa na homa kali ya mapafu, na 29 wakafa. Wachunguzi waligundua bakteria wanaoishi katika maji. Maji yenye bakteria hao yakigeuka ukungu na kuvutwa pamoja na hewa, huweza kuua.

Mwaka 2000, katika jimbo la Missouri huko huko Marekani, iligunduliwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha bisi walikuwa wameharibika mapafu. Walikuwa wakivuta hewa yenye diasetili, kitu kinachotiwa ili bisi ziwe na harufu ya siagi. Aliyekula bisi hizo hakudhurika. Baadhi ya waliovuta harufu yake kazini kila siku walibaki wakihema maisha yao yote. Kitu hicho hicho kimekutwa pia katika baadhi ya vionjo vya sigara za kielektroniki.

Mwaka 2019 Wamarekani wengi, hasa vijana, walianza kulazwa wakiwa hawawezi kupumua. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa watu 2,807, na 68 kati yao walikufa. Wengi wao walikuwa wamevuta vimiminika vyenye dawa ya bangi, vilivyonunuliwa mitaani au kwa marafiki. Wachanganyaji walikuwa wametia mafuta ya vitamini E ili kimiminika kiwe kizito. Vitamini E tunaila kila siku katika karanga na mboga, wengine huipaka usoni. Ilipofika mapafuni, iliua.

TUANGALIE MAJI YENYEWE

Sasa turudi kwenye swali la mama, tupitie maji tunayoyajua.

Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani yake. Wakazi wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara wanaijua floridi kwa alama yake, meno ya rangi ya kahawia. Watu wa pwani wanajua visima vyenye maji ya chumvi. Madini hayo hubaki kwenye waya wa vepu na kujenga ukoko, kama ule tunaouona ndani ya birika. Waya wenye ukoko hupata joto vibaya, na glisarini ikiungua hutoa gesi kali, mojawapo ikiwa formaldehaidi, ambayo ndiyo hutengenezewa dawa ya kuhifadhia maiti.

Maji ya kuchemsha yameuawa vijidudu, na kwa kunywa ni mazuri sana. Lakini kuchemsha hakuondoi chumvi, floridi wala madini ya metali. Maji yanapopungua sufuriani, vitu hivyo hubaki vyote, hivyo vinakuwa vingi zaidi katika kila kikombe.

Maji ya chupa ya dukani yametengenezwa kwa ajili ya kunywa. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa: mara nyingi utaona orodha ya madini yaliyomo.

Maji ya mvua hushuka na vumbi na moshi, kisha huosha paa la bati lenye kutu na vinyesi vya ndege. Hayafai.

Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli huwadanganya wengi, kwa sababu ni kweli yameondolewa madini. Lakini yametengenezwa kwa ajili ya gari. Hakuna aliyeyapima kwa ajili ya mwili wa mtu, wala hayakutiwa katika chombo kilichouawa vijidudu. Zaidi ya hayo, tindikali ya betri huuzwa mahali pale pale katika chupa zinazofanana. Kosa moja la mkono, na mtu ameungua koo.

Yanabaki maji yaliyokenekwa ya duka la dawa, na maji ya sindano. Haya yametolewa madini, na yale ya sindano yameuawa vijidudu pia. Kwa upande wa maji peke yake, hayo ndiyo jibu: kati ya maji yote, ndiyo yasiyo na kitu kingine ndani. Lakini chupa ikishafunguliwa usafi huo haudumu, na kichupa chenye maji na vionjo kikikaa wiki kadhaa mahali pa joto huweza kuota ukungu na vijidudu.

Tena, maji safi hayaisafishi nikotini. Hayaviondoi vionjo visivyojulikana vilivyotengenezewa keki, wala hayaipoozi glisarini inayoungua.

MBONA TUNAJIFUKIZA?

Msomaji anaweza kuuliza: mbona tunajifukiza kwa maji ya kawaida? Wakati wa korona, mwaka 2020, nyumba nyingi zilikuwa na nyungu. Tofauti iko hapa: maji yanapochemka taratibu chunguni, unaopanda ni mvuke, na chumvi hubaki chini. Hatari kubwa ya nyungu ni kuungua, hasa kwa watoto. Waya wa vepu huchemsha kwa ghafla hata kurusha matone madogo sana, na tone hubeba kila kilichomo.

Kwa sababu hiyo hiyo, wenye mtoto wa pumu anayetumia mashine ya kuvutia dawa nyumbani wasichanganye dawa hiyo kwa maji ya bomba. Watumie maji ya chumvi safi waliyopewa hospitali, na waioshe na kuikausha mashine kama walivyoelekezwa.

HATARI ILIYO KARIBU ZAIDI

Tulipokiangalia kichupa cha mama yule, kilichotutia hofu zaidi ni namba iliyoandikwa juu yake: miligramu 100 kwa mililita moja. Hiyo ni nikotini nzito ya kuchanganyia. Mvutaji wa sigara moja ya kawaida hupata kama miligramu 1 hadi 2 tu. Kijiko kimoja cha chai cha kimiminika kile kina miligramu 500, nacho kinanukia embe. Desemba 2014, katika jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alikufa baada ya kumeza nikotini ya namna hiyo. Nikotini hupenya hata kwenye ngozi.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi mambo haya:

1. Nikotini isikae jikoni, wala isitiwe katika chupa ya soda au ya dawa ya kikohozi. Iwe juu, ndani ya kabati lenye kufuli.

2. Ikimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe mara moja kwa maji mengi na sabuni.

3. Mtoto akimeza, dalili ni kutapika, mate mengi, jasho, kupauka, moyo kwenda mbio, na baadaye degedege. Usingoje dalili. Usimtapishe. Mkimbize hospitali, na kichupa ukichukue.

4. Asiwepo wa kutia mafuta ya aina yoyote katika kimiminika: ya kupikia, ya nazi wala ya mkaratusi.

5. Asiyevuta asianze. Mtu mzima aliyeacha sigara kwa msaada wa vepu asirudi kwenye sigara, kwa maana moshi wa tumbaku unadhuru zaidi. Lakini aache kuchanganya nyumbani, na aombe msaada wa kuacha vyote. Tena ajue sheria za mahali alipo: Uganda, kwa mfano, ilipiga marufuku bidhaa hizi kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015.

6. Mzazi azungumze na kijana bila matusi. Kijana anayefokewa atahamishia vichupa chumbani, na huko hamtaviona.

Mama yule alirudi baada ya wiki mbili. Alituambia kwamba hakugombana na mwanawe. Alimwonyesha ukoko wa birika, kisha akamwonyesha alama ya vidole vya mdogo wake kwenye kopo la sukari. Kijana alinyamaza muda mrefu. Hajaacha kuvuta bado. Lakini vichupa vya kuchanganyia vimetoka jikoni, na amekubali kwenda na mama yake zahanati Jumatatu kuuliza namna ya kuacha.