Je, Wajua? Taa za Sikukuu Huficha Kilimia

Kamba moja tu ya taa za Krismasi kwenye ukuta wa jirani yatosha kukunyima nyota. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo lizione zile hafifu. Mwanga mweupe ukilipiga, linaanza upya kuzoea giza. Taa nyekundu hafifu haina madhara makubwa hivyo.

Mtaani Jangwani, Dar es Salaam, kuna tatizo la pili. Mwanga wa Kariakoo unaopanda juu hutawanywa na vumbi na unyevu wa bahari, anga zima likawa kijivu. Mwishoni mwa Desemba, mnamo saa 3 na nusu usiku, Kilimia, kile kikundi cha nyota, kiko juu upande wa kaskazini: penye giza utahesabu nyota 6 hivi, mjini huenda usione kitu. Inauma, maana ndicho kilichowajulisha wazee wetu msimu wa kulima.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawauoni tena mkanda mweupe wa galaksi yetu kutoka wanakoishi.

Umeme ukikatika, toka uani utazame. Na jirani akikubali kuzima taa saa 5, bado hujachelewa: Kilimia kitakuwa kaskazini-magharibi.