Kwa Nini Sindano Ghali Inaweza Kushindwa na ya Bei Nafuu?

Tuseme una mashine ya santuri na unataka kuifunga katriji mpya. Katriji ni kile kidude kwenye ncha ya mkono wa mashine: kinabeba sindano na kugeuza mtetemo wake kuwa umeme unaokwenda kwenye amplifaya. Wengi hununua ile ghali kadiri mfuko unavyoruhusu, halafu wanashangaa: besi inavuma, spika zinacheza mbele na nyuma hata pasipo muziki, sindano inaruka. Hakuna kilichoharibika. Katriji na mkono havikuoana tu.

Jaribio la kufuli na mpira

Chukua kufuli, ulining'inize kwa rababendi. Shika rababendi kwa juu, kisha pandisha na kushusha kiganja polepole. Kufuli linafuata. Sasa tikisa haraka haraka: kufuli karibu halisogei, ni mpira tu unaovutika na kurudi. Halafu tafuta mwendo wa katikati. Utafika mahali ambapo ukitikisa kidogo tu, kufuli linaruka juu chini kama limepagawa. Hali hiyo ndiyo wanafizikia wanaiita resonansi.

Mashine ya santuri ni vilevile. Kufuli ni mkono pamoja na katriji. Mpira ni kile kipande laini kinachoshikilia kijiti cha sindano. Na kiganja chako ni mfereji wa santuri.

Sasa, tunataka nini? Santuri iliyopinda hupandisha na kushusha sindano polepole. LP inazunguka mara moja kila sekunde 1.8, kwa hiyo pindo moja hurudi kama mara 0.56 kwa sekunde, yaani Hz 0.56, mabonde mafupi zaidi hufika Hz kadhaa. Hapo mkono unapaswa kufuata. Muziki nao huanzia karibu Hz 20. Hapo mkono utulie, sindano icheze peke yake, maana sauti hutokana na tofauti ya mwendo kati ya sindano na katriji. Kwa hiyo resonansi inatakiwa ikae katikati, kwenye eneo lisilo na kazi nyingi: Hz 8 hadi 12.

Hesabu yenyewe

f = 159 ÷ √(M × C)

M ni tungamo kwa gramu: mkono, katriji na skurubu zake. Ila angalia, tungamo la mkono hapa si lile la kwenye mizani. Ni lile linalohisiwa na sindano, na watengenezaji wengi hulitaja. C ni unyumbufu wa kile kipande laini, kwa mikromita kwa kila milinyutoni.

Mfano: mkono wa Technics SL-1200 una gramu 12. Katriji ya Ortofon 2M Red ina gramu 7.2 na unyumbufu wa 20. Ongeza gramu 0.5 za skurubu, M inakuwa 19.7. Zidisha kwa 20, tafuta kipeuo cha pili, gawanya: Hz 8. Imeingia, ingawa iko mlangoni.

Sasa chukua katriji laini sana, gramu 6 na unyumbufu wa 35, uifunge kwenye mkono mzito wa gramu 20. Unapata karibu Hz 5, palepale santuri iliyopinda inapotikisa. Kila bonde litaifanya sindano ikandamize kupita kiasi, kisha ielee.

Kinyume chake ni Denon DL-103, katriji ngumu ya gramu 8.5. Unyumbufu wake umeandikwa 5, lakini hapo pana mtego: umepimwa kwa Hz 100, kama wafanyavyo watengenezaji wengi wa Japani. Kwa Hz 10 watu hukadiria kwa kuzidisha mara 1.5 hadi 2. Ukiifunga kwenye mkono mwepesi wa gramu 5, unapata kati ya Hz 13 na 16, jirani kabisa na besi. Kwenye mkono wa gramu 20, inashuka hadi kati ya 9 na 11. Katriji ni ileile, ila sasa imepata mwenzake.

Ikishakataa, ufanyeje?

Jibu likiwa juu mno, ongeza tungamo: tumia kishikio kizito zaidi cha katriji, kisha usawazishe mkono upya. Likiwa chini mno, kupunguza uzito wa mkono ni kazi ngumu. Afadhali utafute katriji ngumu zaidi.

Si suala la masikio tu. Sindano isiyotulia mferejini huula mfereji wenyewe, na kama santuri ni ya zamani na haichapishwi tena, huna pa kununua nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza namba tatu: tungamo la mkono, uzito wa katriji, na unyumbufu wake umepimwa kwa Hz ngapi.