Mtoto anajua kugawana, mbona hajui kugawanya?

Mpe mtoto wa miaka saba mahamri 12, mwambie awagawie wenzake watatu. Hakosei. Ataweka moja hapa, moja pale, moja kule, arudi mwanzo, mpaka sahani iishe. Mmoja akipata pungufu utasikia kelele. Mwandikie mtoto huyo huyo 12 ÷ 3 kwenye daftari, atabaki akitafuna kalamu.

Nafundisha Gredi ya 2 huku Murera, kati ya Ruiru na Thika, na swali hili huletwa na wazazi kila muhula. Ndugu zangu wa Kilifi nao huniuliza lilo hilo kwa simu. Kujumlisha mtoto anajua, kutoa anajua, kugawanya kumemshinda.

Wala si jambo dogo. Shirika la Uwezo, ambalo lilianza kuwapima watoto wa Kenya majumbani kwao mwaka wa 2009, lilitumia kazi za kiwango cha Darasa la Pili, na upande wa hesabu kugawanya kulikuwa kwenye ngazi za juu kabisa. Ripoti zake za mwanzo zilionyesha kwamba takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa Darasa la Tatu ndio walioweza kazi hizo za darasa la chini yao. Anayekwama hapa hukutana na sehemu, asilimia na vipimo akiwa bado amekwama.

Ninavyoona mimi, shida kubwa ni kwamba tunamfundisha mtoto swali moja, na kugawanya ni maswali mawili.

La kwanza ni lile la mahamri: vitu 12, watu watatu, kila mmoja apate vingapi? Hili analijua tangu hajaanza shule. La pili ni hili: mahamri 12, kila mfuko unaingia matatu, nitahitaji mifuko mingapi? Jibu ni 4 kote kuwili, lakini mikono inafanya kazi tofauti. Katika la kwanza unazunguka ukiweka moja moja. Katika la pili unachota matatu, unaweka kando, unachota matatu tena, kisha unahesabu umechota mara ngapi. Mtoto aliyefundishwa la kwanza peke yake, akiulizwa la pili, anaanza kutafuta watu watatu wa kuwagawia, na watu hao hawapo.

La kushangaza ni kwamba hili la pili ndilo tunaloishi nalo kila siku. Nyanya ni shilingi 20 kwa fungu, una shilingi 100: utabeba mafungu mangapi? Hapo hakuna aliyegawiwa kitu. Wazee wetu wa Pwani walipopima nafaka kwa kibaba na pishi walikuwa wakifanya hesabu hiyo hiyo, maana vibaba vinne ni pishi moja, basi vibaba 12 ni pishi ngapi? Huku Murera wanapima mahindi kwa gorogoro. Chombo ni kingine, swali ni lile lile.

Nyumbani huhitaji kununua chochote. Kusanya vifuniko vya soda au punje za maharagwe. Anza na 6, kisha 8, 10, 12, na usiguse alama ya ÷ kwanza. Siku moja mpe swali la kugawia, siku ya pili la kufungasha, na kila mara aseme kwa mdomo alichofanya: "Nilikuwa na kumi na mbili, nimetoa tatu mara nne, zimeisha." Akishaisema sentensi hiyo bila kusitasita, mwandikie 12 ÷ 3 = 4 umwambie huo ndio ufupisho wa maneno yake. (Alama yenyewe si ya kale sana, Mswisi Johann Rahn ndiye aliyeichapisha kwa maana hii mwaka wa 1659.)

Trei tupu ya mayai nayo usiitupe. Ina nafasi 30, safu tano za sita sita. Igeuze upande, inakuwa safu sita za tano tano. Mtoto anaona kwa macho kwamba 30 ÷ 6 ni 5, 30 ÷ 5 ni 6, na kwamba jedwali la kuzidisha analokariri linafanya kazi pia likisomwa kinyumenyume.

Kuna na kikwazo cha lugha. Sera inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na palipochanganyika kama hapa petu, kwa Kiswahili. Kitabu cha hisabati lakini ni cha Kiingereza, na nyumbani kuna Kikikuyu, Kikamba au Kiluhya. Hata Kiswahili chetu kina mtego. Ukisema "gawa 12 kwa nusu", kila mtu mtaani atakujibu 6, ilhali kwa hesabu 12 ÷ ½ ni 24. Kwa mtoto mdogo mimi huepuka "kwa" peke yake. Nasema sentensi nzima: wagawie watu watatu, au, tia matatu matatu.

Baki ndiyo inayoonyesha kama mtoto ameelewa au amekariri. Watoto 7 wanakwenda sokoni, tuktuk moja inabeba abiria 3. Tuktuk ngapi? Anayefuata kanuni atajibu "mbili, baki moja," kana kwamba huyo mmoja ataachwa barabarani. Jibu ni tuktuk tatu. Lakini ukiwa na mahamri 7 na watoto 3, kila mmoja anapata mawili, na la saba linakatwa vipande vitatu. Namba ni zile zile, baki inafanyiwa mambo mawili tofauti.

Mmoja wa wanafunzi wangu alijibu swali la tuktuk hivi: mbili, na wa saba apakatwe. Polisi wa trafiki hakuwepo darasani, nikampa tiki.