Trekta ya Korbesa: Kabla ya kuulizia AC, ulizia fundi

Abuya aliponipigia simu kutoka Korbesa nilidhani kuna harusi. Kumbe ni trekta.

"Wewe unashinda kwa mtandao," akaniambia. "Hebu tutafutie trekta. Vijana wanataka ile iko na kabini na loda. Mimi nataka ile haiharibiki."

Abuya ni mjomba, kaka yake mama, na kwetu Waborana abuya akikupa kazi huikatai. Hata kama uliacha chuo mwaka wa pili na hujawahi kukanyaga klachi ya trekta maishani mwako.

Doo yenyewe si yake peke yake. Familia tano zimeuza ng'ombe, na vijana wameongezea pesa za boda na za duka. Hao ng'ombe ni wale waliopona ukame wa 2020 hadi 2023, ule ambao mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Wenzao wengi walibaki mifupa. Kwa hivyo tukichagua vibaya, hakuna kundi lingine la kuuza ili tujaribu tena. Hilo ndilo lilininyima usingizi.

YouTube haijui Korbesa

Nilianza vile msee yeyote wa mjini angeanza: YouTube. Video ni nyingi. Mzungu na shamba lake, trekta ya nguvu za farasi 75, kabini ya vioo, AC, redio, loda inainua marobota ya nyasi kama mtu anayeinua mto wa kulalia. Nikawatumia binamu zangu video tatu. Wakajibu kwa emoji za moto.

Abuya akatuma ujumbe wa sauti, sekunde kumi tu: "Huyo mtu, fundi wake yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwa hizo video fundi anakuja na gari lake siku hiyo hiyo. Korbesa iko upande wa Merti, kaunti ya Isiolo, karibu na mto Ewaso Ng'iro, na ukitoka Isiolo mjini unakula vumbi safari nzima. Mvua ikishika, laga zinajaa maji na unalala njiani. Paipu moja ya haidroliki ikipasuka wakati wa Ganna, ile mvua ya Machi hadi Mei, trekta inaweza kukaa wiki mbili ikilaliwa kivuli na mbuzi. Na hizo ndizo wiki ambazo kila mtu alitaka kulimiwa.

Ardhi pia ni tofauti. Yule wa video ana ua na hati ya shamba. Kwetu malisho ni ya jamii, na wazee wa dedha ndio husema mifugo ilishe wapi saa hii na wapi pahifadhiwe kwa ajili ya kiangazi. Huwezi kununua mashine halafu ukaanza kulima popote kwa sababu una diseli. Abuya na wenzake waliketi na wazee kwanza, kabla hata ya kuulizia bei. Ukiwa na mpango kama huu kwenu ushago, anzia hapo.

Andika kazi kwanza

Jambo la kwanza la maana nililofanya ni kufunga YouTube na kuwauliza swali moja: hii trekta itaamka Jumatatu ifanye nini?

Orodha yao ilikuja hivi: kulima mashamba madogo ya kando ya mto, kuvuta trela ya maji, mchanga na nyasi, kuzoa matope kwenye mifereji mto ukifurika, kusukuma vichaka vya mathenge, na kuchimbua silanga zilizojaa udongo.

Kulima na kuvuta trela hakuhitaji makuu. Massey Ferguson 240 ya nguvu za farasi zisizozidi 50, isiyo na kabini wala loda, imefanya kazi hiyo Kenya hii kwa miaka mingi. Zile kazi tatu za mwisho ndizo zinaitisha loda, na ndizo zinapandisha saizi hadi farasi 70 au 80.

Lakini wasee, tuwe wakweli kuhusu loda. Si ekskaveta. Inazoa udongo uliolegea. Udongo mgumu wa silanga lazima kwanza uvunjwe kwa jembe. Halafu piga hesabu. Tuseme silanga ina mita 1,000 za ujazo za udongo uliokwisha kulegezwa, na ndoo ya loda inabeba nusu mita. Hizo ni safari 2,000. Kila safari dakika mbili, unapata dakika 4,000, karibu saa 67. Trekta ya saizi hii ikichoma lita 10 kwa saa, umeteketeza lita 670 za diseli kwa silanga moja. EPRA hutangaza bei mpya ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, na hiyo bei ikifika mbali na lami huwa imeongezeka njiani. Binamu zangu walikuwa wamepanga kuchimba silanga tatu kwa msimu. Baada ya hii hesabu walibaki na moja.

Tani moja ikining'inia mbele

Kuna kitu hakuna muuzaji alinieleza mpaka nikauliza. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina takriban tani 1.6. Ukilowa inakaribia tani 2. Kwa hivyo ile ndoo ya nusu mita, ikijaa mchanga wa mto, ni kama tani moja, na hiyo tani haikai katikati ya trekta. Inaning'inia mbele ya ekseli ya mbele.

Trekta inayosukuma magurudumu ya nyuma tu ina ekseli nyepesi mbele, ya kukatia kona. Ukiifunga loda na kuitesa kila siku, hiyo ekseli inaanza kulia mapema. Kibaya zaidi, trekta nyingi breki zake ziko nyuma. Mzigo mbele ukiinua uzito kutoka kwa magurudumu ya nyuma, breki zinakosa cha kushika. Sasa jifikirie ukishuka kingo za mto ukiwa hivyo.

Ndiyo maana mafundi wawili niliowauliza walisema kitu kimoja: ukitaka loda, chukua inayosukuma magurudumu yote manne, funga uzito nyuma (hata sanduku la chuma lililojaa mawe na saruji linatosha), na ukitembea na mzigo, ndoo ikae chini karibu na ardhi.

Na kabini je?

Hapa ndipo familia iligawanyika. Wazee walisema kabini ni maringo ya vijana. Mimi pia nilianza nikiwacheka binamu zangu, mpaka nikakumbuka nani atakaa hapo juu. Si mzee. Ni kijana wa miaka 22, saa nane kwa siku, jua la Isiolo kichwani, vumbi la jembe likiingia puani. Kabini nzuri yenye kichujio cha hewa inalinda kifua chake na masikio yake. Hiyo si starehe.

Nikaenda yadi moja Nairobi nijionee. Muuzaji alinionyesha redio kabla ya kunionyesha kichujio cha hewa. Nikamwomba azime injini, nikakaa ndani mlango ukiwa umefungwa, saa saba mchana. Dakika tano tu, shati lilikuwa limelowa. Nikaelewa upande wa pili: AC ikifa huko Korbesa, hiyo kabini ni tanuri. Na vioo vikigongwa na tawi la mgunga, kioo kingine hakiuzwi Merti.

Msimamo wangu ni huu. Kama pesa inatosha vitu vyote vitatu, yaani magurudumu manne, loda na kabini, chukua vyote. Kama inatosha viwili tu, achana na kabini. Lakini usiache fremu ya chuma ya kumkinga dereva trekta ikipinduka, na mkanda wake, na paa la kivuli juu. Hizo si za kupunguziwa bei. Dereva alime asubuhi na jioni, adhuhuri apumzike kama mifugo.

Swali la abuya

Tukirudi kwa fundi. Januari 2025, CMC Motors, jina ambalo baba zetu walikua nalo, ilitangaza kwamba inafunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Kati ya bidhaa ilizouza ni trekta za New Holland. Mashine zenyewe hazikubadilika usiku huo. Kilichobadilika ni nani utampigia simu ukitaka spea.

Kwa hivyo kabla ya kupenda rangi, fanya hivi. Enda Isiolo na Meru, tembea kwa maduka ya spea, uitishe vitu vitano: kichujio cha mafuta, kichujio cha haidroliki, sahani ya klachi, pampu ya maji na beringi ya gurudumu la mbele. Ile chapa ambayo vinne kati ya hivyo viko kwa rafu ndiyo chapa yako, hata kama haina redio. Na ulizia bei ya tairi, kwa sababu mwiba wa mathenge hauheshimu tairi jipya.

Pesa bila riba

Watu wetu wengi ni Waislamu na mkopo wa riba hawautaki. Njia ipo: benki kama Gulf African Bank hutumia murabaha, ambapo benki yenyewe hununua kitu, kisha inakuuzia kwa bei mliyokubaliana, faida yake ikiwa wazi tangu mwanzo, nawe unalipa kidogo kidogo. Soma karatasi mpaka ukurasa wa mwisho, na uulize nini hufanyika mvua ikikosa na ukachelewa kulipa.

Jambo lingine ni saa za kazi. Trekta ya familia tano ni ugomvi wa familia tano. Kampuni ya Hello Tractor, inayounganisha wenye trekta na wakulima kwa simu, hufunga kifaa cha GPS kwenye mashine ili mwenyewe ajue ilipo na kazi iliyofanya. Sisi tumeanza na daftari: mita ya saa inasomwa asubuhi na jioni, dereva na mwenye shamba wanatia sahihi. Kila saa iliyolipwa, sehemu ya pesa inawekwa kando ya servisi, na haiguswi hata kuwe na harusi.

Tulipofikia

Wiki iliyopita walikubaliana: farasi 75, magurudumu manne, loda, paa na fremu, bila kabini. Pesa iliyobaki inanunua vichujio vya mwaka mzima, mikanda ya akiba na paipu mbili za haidroliki. Halafu binamu yangu anayetengeneza boda pale Merti atakaa na fundi wa trekta Isiolo miezi mitatu kabla mashine haijafika. Hilo lilikuwa wazo la abuya. Mimi na video zangu zote sikulifikiria.

Nilimwomba binamu aanze kwa kujifunza ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine nyingine. Inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Shuka ikishikwa hapo, hakuna wakati wa kupiga nduru. Kifuniko chake kisitolewe, na mtoto asikaribie.

Mwezi ujao tunaenda yadi pamoja, abuya akiwa ndani ya basi kutoka Isiolo. Ameniambia nibebe tochi ya kuangalia chini ya injini, na tufike asubuhi mapema kabla hawajaiwasha, ili tuione ikiwaka ikiwa baridi. Vijana bado wanauliza kama kabini inaweza kuongezwa baadaye. Nimewaambia walime kwanza misimu miwili, halafu daftari litatuambia.