Kizimba hubadilisha ubongo wa panya

Dawa unayoandikiwa na daktari, msomaji, yaelekea ilijaribiwa kwanza kwa panya au mnyama mwingine kabla ya kupewa binadamu. Je, umewahi kujiuliza mnyama huyo aliishi vipi?

Mara nyingi huishi katika sanduku dogo la plastiki, bila mahali pa kuchimba wala kupanda. Usiku, wakati panya hushughulika zaidi, waweza kumwona akiguguna vyuma vya kizimba au akirukaruka mahali pamoja kwa muda mrefu. Tumbili wanaotengwa huzungukazunguka, hujing'oa manyoya na hata kujiuma. Huo si mchezo, ni dalili ya dhiki.

Ubongo nao hubadilika. Katika miaka ya 1960, Mark Rosenzweig, Marian Diamond na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliweka baadhi ya panya pamoja katika kizimba kikubwa chenye vitu vya kuchezea. Wengine walifungiwa mmoja mmoja bila chochote. Gamba la ubongo la wale wa kwanza lilipatikana kuwa nene zaidi. Mwaka wa 1997, Fred Gage na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kuwa panya walioishi katika mazingira ya aina hiyo walikuwa na seli mpya nyingi zaidi katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu.

Hapa ndipo jambo hili linapokuhusu. Dhiki ya muda mrefu huvuruga homoni na kinga ya mwili, kwa hivyo mnyama wa aina hiyo aweza kutoa majibu ya kupotosha. Dawa nyingi zilizofaulu kwa panya zimeshindwa kwa binadamu. Sababu ni kadhaa, na huenda kizimba ni mojawapo.

Nafuu si ghali: nyasi za kutengenezea kiota, mahali pa kujificha na wenzake wa kukaa nao. Sheria ya Muungano wa Ulaya ya mwaka wa 2010 inataka wanyama wa maabara wapewe mahitaji kama hayo.

Binadamu si panya. Hata hivyo, kama una mzazi mzee anayeshinda peke yake chumbani, usimpelekee chakula na dawa tu. Mtoe nje, mzungumze, mpe shughuli anayoiweza. Ubongo nao huhitaji lishe yake.