Sahani ya asubuhi ya Waingereza: nguruwe, mayai na maharagi katika kikaango kimoja



Katika mkutano mmoja wa wafugaji wa nguruwe, mama mmoja alisimama akauliza: "Hao Waingereza tunasikia wanakula nyama asubuhi. Wanaitoa wapi kila siku?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Lakini nilipofika nyumbani niliona kama swali lile halikuwa la kuchekesha. Karibu kila kitu kilicho katika sahani ile kinatoka shambani, na sehemu kubwa sisi pia tunacho. Njo maana leo tunaeleza ile sahani ni nini, ilitoka wapi, na namna gani mtu anaweza kuipika nyumbani kwake juu ya mbabula moja.

Kwanza tusahihishe jambo moja. Waingereza hawali hivyo kila siku. Siku za kazi wengi wanakunywa chai na mkate tu, ao nafaka zilizokaushwa na maziwa. Sahani kubwa inapikwa siku ya posho ao ya mungu, siku kuna wageni, ao mtu anaenda kuinunua katika mkahawa mdogo wa wafanyakazi. Ndani yake kuna bekoni, maana yake nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na kukatwa nyembamba. Kuna sosisi, yai la kukaanga, tomati iliyokatwa mara mbili, uyoga, maharagi meupe katika mchuzi wa tomati, na mkate. Wengine wanaongeza sosisi ya damu, ambayo damu ya nguruwe inachanganywa na nafaka na mafuta. Pembeni kuna chai ya maziwa. Kila eneo lina desturi yake: Ireland ya Kaskazini wanaongeza mkate wa viazi, na Wales kuna watu wanaoweka majani ya baharini yaliyopikwa mpaka yakawa kama sombe.

Sasa ile nyama. Zamani watu wa vijiji vya Uingereza walikuwa wakifuga nguruwe mmoja nyuma ya nyumba. Alichinjwa wakati baridi inaanza, mwezi wa 11 hivi, juu frigo haikuwako na nyama ingeoza katika joto. Sehemu ndogo ililiwa mbichi, nyingine ilitiwa chumvi na kutundikwa ili ifike miezi mingi. Kwa hiyo jibu la mama wetu ni hili: hawakuwa wanachinja kila siku. Walichinja mara moja, chumvi ikafanya kazi iliyobaki, na kila asubuhi mtu alikata kipande kidogo.

Kuna mji mdogo unaoitwa Calne, katika mkoa wa Wiltshire. Zamani nguruwe wengi kutoka Ireland walishushwa katika bandari ya Bristol, kisha wakapelekwa kwa miguu mpaka London. Calne ilikuwa katika njia yao. Mnajua wenyewe nguruwe akitembea mbali anapoteza kilo, na mwenye kumleta sokoni amechoka anakubali bei yoyote. Katika Calne kulikuwa jamaa moja ya wachinjaji, jamaa ya Harris. Walinunua wanyama palepale njiani, wakachinja, wakatia nyama chumvi, wakauza bekoni. Katika miaka ya 1840 mmoja wao alisafiri Marekani, akaona watu wanavyotumia nyumba zenye barafu kwa kulinda nyama. Jamaa ikaleta werevu huo Calne, na mwaka 1864 wakapata haki ya serikali juu ya namna yao ya kujenga. Tangu hapo waliweza kutia nyama chumvi hata wakati wa joto, na chumvi kidogo kuliko zamani. Kiwanda kilidumu mpaka miaka ya 1980, na mpaka leo watu wanasema bekoni ya Wiltshire.

Mimi ninapofikiri juu ya jamaa ile, ninawaza soko letu la nguruwe. Mnyama anachinjwa asubuhi, na saa kumi ya magaribi nyama iliyobaki inauzwa kwa bei ya mnunuzi, juu kesho itanuka. Hasara yetu iko katika zile saa chache.

Lakini msikimbilie kutundika miguu ya nguruwe nyumbani. Katika joto letu, kipande kinene kinaoza ndani karibu na mfupa mbele chumvi haijafika, hata kama inje kinaonekana kizuri. Hata kule milimani, ambako usiku ni baridi, mchana joto linarudi. Koperative inayotaka kuuza bekoni inahitaji frigo inayoshika chini ya digri 5 usiku na mchana, mizani ya kweli, chumvi maalum ya nyama inayopimwa kwa gramu, na mtu aliyefundishwa. Kama umeme wenu unakuja na kwenda, muanze na sosisi mbichi za kuuza siku ileile.

Nirudi kwa sahani. Ule mchanganyiko wake si wa kijijini tu. Katika karne ya 19 matajiri wa Uingereza walikuwa na meza ndefu za asubuhi, na kitabu cha mapishi cha Isabella Beeton, kilichotoka mwaka 1861, kinataja vyakula vingi vya saa hiyo. Maharagi ya mkebe yalikuja nyuma, kutoka Marekani: Henry Heinz alifika London mwaka 1886 na kuuza mali yake kwa duka kubwa la Fortnum & Mason. Na jambo linalonishangaza mpaka leo ni hili: maharagi yale meupe yanayojaa mikebe ya Waingereza, mengi wanayanunua Marekani na Kanada, juu udongo na baridi ya kwao haviyakubali vizuri. Sisi huku Kivu tunayalima mara mbili kwa mwaka.

Vita kuu ya pili ikaondoa sahani ile mezani. Kuanzia mwezi wa 1 mwaka 1940 bekoni ilipimwa kwa karatasi ya serikali: mara nyingi karibu gramu 113 kwa mtu kwa juma moja, na yai moja, kama likipatikana. Watu wakajiunga jirani na jirani kufuga nguruwe pamoja, wakiwalisha mabaki ya jikoni. Nyama nyingine ilienda kwa serikali, nyingine waligawanya wenyewe. Unaweza kusema zilikuwa koperative. Nyama iliachwa huru tena mwezi wa 7 mwaka 1954 tu.

Sasa tupike. Hesabu hii ni ya watu sita.

Maharagi yanaanza jana yake. Loweka kikombe kimoja na nusu cha maharagi meupe usiku mzima, mwaga yale maji, kisha chemsha katika maji mapya mpaka yalegee. Dakika 10 za kwanza moto uwe mkali na maji yarukeruke. Katika sufuria nyingine kaanga kitunguu kidogo, tia tomati nne zilizopondwa, kijiko kidogo cha sukari, chumvi, na matone ya siki ao ya ndimu. Changanya na maharagi, acha yachemke polepole mpaka mchuzi ushike. Pesa za mkebe bakia nazo.

Sosisi za Kiingereza zina siri ambayo wengi hawajui: ndani kuna mkate. Sheria yao inaruhusu sosisi iitwe ya nguruwe hata kama nyama yenyewe ni asilimia 42 tu. Sisi tusifike huko. Chukua nusu kilo ya nyama yenye mafuta kidogo, ikatekate ndogo sana kwa kisu ao isage. Tia mkate mkavu wa gramu 100 uliolowekwa na maji kidogo, vijiko viwili vidogo vya chumvi na pilipili manga. Kanda kwa mkono. Kama huna matumbo ya kujaza, viringisha tu ziwe kama vidole vinene. Mkate unashika maji na mafuta, nyama haikauki, na nusu kilo inatosha watu wengi.

Kwa bekoni ya nyumbani, tafuta nusu kilo ya nyama ya tumbo, yenye mistari ya mafuta. Ikate nyembamba kama unene wa ukingo wa kisu. Paka vijiko viwili vidogo vya chumvi, acha saa mbili mahali pa baridi, pangusa, na uikaange siku hiyohiyo. Si bekoni kamili, lakini mdomo hautabishana sana.

Mara ya kwanza mimi nilipojaribu, nilianza na mayai juu yanaiva haraka. Niliona nimefanya akili. Kisha nikajaza makala, moto ukapanda, sosisi zikawa nyeusi inje na nyekundu ndani. Wageni walikula mayai ya baridi wakingoja nyama, na mkubwa wangu akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, siku nyingine utuitie maharagi tu." Kosa lilikuwa mpangilio.

Mpangilio ni huu. Washa makala, ngoja moshi uishe na moto utulie. Weka sosisi kwanza, na mafuta kidogo tu, uzigeuze polepole dakika 20. Zitoe, uziweke katika sufuria yenye kifuniko karibu na moto. Kisha bekoni: itatoa mafuta yake yenyewe, usiongeze mengine. Ikishakuwa rangi ya dhahabu, iende kwa sosisi. Katika mafuta yale weka tomati, sehemu iliyokatwa ikiangalia chini, usiziguse dakika tatu. Zikishatoka, pangusa maji yake, ongeza makala kidogo, na tia uyoga. Usijaze kikaango, juu uyoga mwingi unatoa maji na unachemka pahali pa kukaangwa. Uyoga wa porini utumie ule tu ambao wazee wa kwenu wanaujua na wanaula. Kisha vipande vya mkate vinywe mafuta yaliyobaki, kila upande dakika moja. Maharagi yapashwe moto pembeni.

Mayai ni ya mwisho kabisa, wakati watu wamekwisha kunawa mikono. Waingereza wanapenda kiini kibaki maji. Wao mwaka 1988 walipata shida kubwa ya ugonjwa wa salmonela katika mayai, waziri mmoja akapoteza kazi juu ya maneno aliyosema. Tangu 1998 mayai mengi yao yana alama ya simba, ya kuonyesha kuku wamechanjwa. Kuku zetu hazina chanjo hiyo. Kwa watoto, wazee na mama mwenye mimba, funika kikaango mpaka kiini kishike.

Na nguruwe, wapendwa, aive kabisa. Ukikata nyama ukaona vidonge vyeupe kama punje za mchele, hiyo ni minyoo ya tegu: usiile, usiiuze, ita veterinere. Chumvi ya saa mbili haiiui. Nguruwe anaipata akitembea na kula mavi ya watu, kwa hiyo dawa ya kwanza ni kumjengea zizi na kila nyumba kuwa na choo.

Kuna wamemba ambao kwa imani yao hawagusi nguruwe. Mpangilio ni uleule na sosisi za ngombe ao za mbuzi, na kule Uingereza Waislamu wengi wanafanya hivyo. Chai ya Kivu, nyeusi na yenye maziwa, inakamilisha.

Je, jamaa inaweza kula hivi? Mayai sita na kilo moja ya nyama ni franka ambazo zingelipa daftari za mtoto, tusidanganyane. Mimi ningeipika siku koperative inachinja, ao siku ya kumkaribisha mgeni, na siku zingine ningepika maharagi yale na yai moja moja.

Bado neno moja, na hili msilipitishe haraka. Watu wakimaliza kula kunabaki ngozi za bekoni, vipande vya sosisi, maji ya kuosha kikaango. Mkono unataka kuvimwaga kwa nguruwe. Msifanye hivyo. Homa ya nguruwe ya Afrika haigonjweshi mtu, lakini haina dawa, na virusi vyake vinaweza kukaa miezi katika nyama ya chumvi. Kipande kutoka sokoni kinaweza kumaliza mazizi ya kijiji kizima. Waingereza waliokuwa wakilisha mabaki wakati wa vita walikataza kabisa mwaka 2001, kiisha ugonjwa wa miguu na midomo, ambao inafikiriwa ulianzia kwa nguruwe waliolishwa mabaki yasiyochemshwa. Wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa. Mabaki ya nyama yafukiwe ndani ya shimo refu, mbali na zizi, na ufunike na udongo ili mbwa wasifukue. Maganda ya viazi na majani ya kabichi ambayo hayakugusa nyama, hayo nguruwe wapewe.