Dhahabu ya Mongbwalu na hewa ya nyumbani

Mchimbaji wa Mongbwalu, kilomita 80 hivi kutoka Bunia mkoani Ituri, Kongo, ana hesabu yake kichwani: fungu la PDG aliyegharimia shimo, deni la chakula, ada ya watoto shuleni. Zebaki, ambayo wengi huiita merkiri, huingia kwenye hesabu hiyo kwa bei ya kichupa tu. Gharama yake nyingine hulipwa nyumbani, na watu ambao hawajawahi kushika sururu.

Zebaki hupendwa kwa sababu ya urahisi wake. Ikichanganywa na mchanga uliooshwa, hushikana na chembe za dhahabu na kuwa donge la kijivu. Donge likiwekwa motoni, hata kwenye jiko la nyumbani, zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Hakuna haja ya umeme wala mtambo, na wenzi wa shimo hugawana siku hiyohiyo. Anayedaiwa kodi ya nyumba hawezi kulaumiwa kwa kupenda njia ya mkato.

Shida ni kile kinachopaa. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Mtu akimeza tone la zebaki, karibu lote hupita tumboni na kutoka (hiyo si ruhusa ya kujaribu). Akivuta mvuke wake, mapafu hunyonya kama asilimia 80. Damu huupeleka kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito zebaki huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Dalili huja polepole: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kichwa kuuma, kumbukumbu kupungua. Tabia nazo hubadilika. Mtu aliyekuwa mcheshi anakuwa na hasira za ghafla, au anaona haya na kujitenga na watu. Watengeneza kofia wa Ulaya katika karne ya 19, waliolainisha manyoya kwa zebaki, walijulikana kwa hali hiyohiyo. Mara nyingi mke ndiye anayeanza kuona, kabla ya daktari. Mume anayetetemeka anaweza kudhaniwa mlevi; anayejitenga, amerogwa. Si ajabu familia ikamkimbilia mchungaji kwanza. Maombi yana nafasi yake, lakini jiko lililochomewa donge litabaki na sumu hata baada ya amina.

Watoto ndio walio hatarini zaidi. Wanapumua haraka kuliko wakubwa, ubongo wao bado unajengwa, na wanacheza chini sakafuni ambako matone madogo huangukia na kuendelea kutoa mvuke. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, unataja uchomaji wa donge kwenye makazi ya watu miongoni mwa desturi za kukomeshwa.

Wengine hudhani mapumziko ya Jumapili yanatosha kuusafisha mwili. Yanafaa kwa misuli na kwa roho. Zebaki ina kalenda yake. Mwili huhitaji takriban miezi miwili kupunguza nusu tu ya iliyoingia, ilhali mchimbaji anarudi shimoni Jumatatu.

Mji wa Bunia nao haujaepuka. Dhahabu iliyochomwa mara moja bado hubaki na zebaki kidogo, na mnunuzi huichoma tena kabla ya kuipima. Duka likiwa limeungana na nyumba, mvuke haujui ukuta wa duka unaishia wapi.

Dawa za kuondoa zebaki mwilini zipo, ila hazina maana kama mgonjwa anarudi kwenye mvuke uleule. La kwanza ni kuuhamisha moto: nje, mbali na nyumba, bila watoto wala wajawazito karibu, na nguo za kazi zisiingie ndani. Kipo pia chombo kiitwacho retoti, chungu cha chuma kilichofungwa chenye bomba, ambacho huupoza mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena. Hoja hiyo ya kuokoa zebaki inaweza kumgusa PDG haraka kuliko hoja ya figo. Huko Benguet, Ufilipino, wachimbaji wadogo wametumia boraksi badala ya zebaki kwa miongo kadhaa.

Na makanisa? Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, waumini wa Ituri walinawa mikono mlangoni na kuacha kusalimiana kwa mkono, kwa sababu viongozi wao walisema hivyo kutoka madhabahuni. Habari ya jiko na donge inahitaji dakika tano za matangazo baada ya ibada.